Uliza Kwanza, Jenga Baadaye

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kuuliza. Nataka tuitazame thamani ya swali zuri katika kazi iitwayo uchambuzi wa biashara. Vijana wa kaunti zetu za Kericho na Bomet wanaisomea kazi hii siku hizi, na wazazi wao wanataka kujua watoto wao watakuwa wakifanya nini hasa.

Mchambuzi wa biashara ni mtu anayesimama kati ya mwenye shida na fundi wa kuitatua. Sacco ikitaka mfumo mpya wa mikopo, kiwanda kikitaka kubadili namna ya kupima majani chai, kaunti ikitaka kukusanya ushuru wa soko kwa simu, yeye ndiye anayetangulia. Hufika akaona kazi inavyofanyika, akasikiliza watu, akahesabu, kisha akaandika kinachohitajika ili fundi asijenge kitu kisicho na kazi. Kompyuta anayo, lakini chombo anachokitegemea kuliko vyote ni swali. Akiuliza vibaya, pesa za watu zitapotea kwa utaratibu mzuri kabisa, na ripoti yake itakuwa imechapishwa vizuri.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Wakurugenzi wa kiwanda kimoja cha chai wanamwita mchambuzi, wanamwambia: "Tutengenezee programu ya simu, kila mkulima aone kilo zake." Mchambuzi mwenye haraka ataandika ombi hilo kama lilivyo, na fundi ataanza kazi Jumatatu. Mchambuzi makini ataanza hivi: "Kitu gani kimewafanya muitake programu hii sasa?" Anajibiwa kwamba wakulima wanalalamika wanakatwa kilo. "Wanakatwa wapi?" Kituoni, wakati wa kupima. "Kwa nini wakatwe?" Kwa sababu kilo zinazofika kiwandani huwa chache kuliko zilizoandikwa kituoni, basi upungufu unarudishwa kwa mkulima. "Upungufu huo hutokea lini, na kwa vituo vipi?" Siku za mvua kubwa, na hasa kwa vituo viwili vya mwisho wa njia. "Na siku hizo lori hufika saa ngapi?"

Hapo ndipo karani wa kituo, aliyekuwa amenyamaza muda wote, anapofungua mdomo. Lori hukwama kwenye matope, majani yanakaa ndani ya magunia mpaka saa nne usiku. Yalipimwa yakiwa na maji ya mvua juu yake, na maji hayo hayafiki kiwandani. Tena majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuharibika, kwa hiyo hata chai itakayotoka humo haitakuwa na bei nzuri. Basi shida ni barabara, ratiba ya lori na kanuni ya kupima majani yaliyolowa. Programu ya simu ingemwonyesha mkulima hasara yake vizuri zaidi, na hasara ingebaki palepale. Maswali matano yametosha kuokoa gharama ya mradi mzima.

Angalieni jinsi maswali yale yalivyopangwa. Halikuwamo hata moja la kujibiwa "ndiyo" au "la" tu na mambo yakaishia hapo. Mengi yaliuliza jambo linaloweza kuonekana au kuhesabiwa: wapi, lini, saa ngapi, vituo vipi. Kila jibu lilizaa swali lililofuata. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuuliza na kusoma orodha ya maswali uliyoiandika ofisini.

Sasa niseme jambo linalohusu desturi zetu. Sisi ni watu wa heshima. Mgeni akija kwa mzee na karatasi mkononi, akamwuliza, "Mzee, mfumo huu mpya utakusaidia, sivyo?", mzee atasema ndiyo. Atasema hivyo kwa adabu, kwa kuwa si vizuri kumvunja moyo mgeni aliyetoka mbali. Mgeni ataondoka na karatasi iliyojaa ndiyo, na ndiyo zile hazina uzito wowote. Kosa si la mzee. Aliyeuliza alikuwa ameshaweka jibu ndani ya swali lake. Angesema, "Mzee, nieleze mara ya mwisho ulipopeleka majani ilikuwaje, tangu ulipotoka nyumbani mpaka ukarudi," angesikia habari ya kweli: foleni, mizani iliyozima, risiti isiyosomeka, boda boda aliyedai nauli mara mbili.

Tena ni muhimu kujua unamwuliza nani. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, namba ya mkulima imeandikishwa kwa jina la baba, na anayeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi lake ni mama. Mchambuzi akizungumza na mwenye namba peke yake, amezungumza na anayepokea malipo. Anayeifanya kazi hajamsikia. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mama aulizwe. Mchumaji wa kibarua aulizwe. Karani aulizwe, na dereva wa lori, na anayepokea majani usiku kiwandani. Meneja ana mengi ya kutueleza, lakini kunguni wengine hawamfikii.

Historia ya Kenya ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Wengi wetu tunaamini M-Pesa ilibuniwa tangu mwanzo ili tutumiane pesa. Sivyo ilivyoanza. Kampuni ya Vodafone, ikishirikiana na Safaricom na kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilianza majaribio mwezi Oktoba 2005 pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Lengo lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea na kulipa mkopo wake kwa simu. Wateja wa majaribio hawakufika mia tano, na mawakala walikuwa wachache, Nairobi na Thika. Swali la mwanzo lilikuwa: tutarahisishaje ulipaji wa mikopo?

Waliosimamia majaribio, Susie Lonie na Nick Hughes, walifanya jambo ambalo kila mchambuzi anapaswa kujifunza. Waliangalia watu wanafanya nini hasa na huduma ile. Wakaona mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Kuna waliolipana wao kwa wao katika biashara. Kuna waliomwachia wakala pesa jioni na kuzichukua asubuhi, wasitembee nazo usiku. Kuna waliowatumia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Swali likabadilika, likawa: watu wanahitaji kupeleka pesa wapi, na kwa nani? Huduma ilipozinduliwa nchi nzima mwezi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja, tuma pesa nyumbani, na mikopo ile iliyoanzisha safari ikawekwa kando. Kama wangeng'ang'ania swali lao la kwanza, leo pengine tungekuwa na mfumo mzuri wa kulipia mikopo unaojulikana na watu wachache.

Upande wa pili kuna habari ya Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Norwei, kwa nia njema kabisa, iligharamia kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwaka 1981, ili jamii ya wafugaji ipate riziki nyingine ziwani. Ujenzi ulifanyika, mashine zikafungwa. Lakini kugandisha samaki katika joto la Turkana kunahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama hiyo ilizidi thamani ya samaki wenyewe. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, mitambo ikazimwa. Baadaye ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la uvuvi ule, ikakauka. Wahandisi walijua vizuri namna ya kujenga kiwanda. Maswali yaliyokosa majibu mapema yalikuwa mepesi kuyatamka: kugandisha kilo moja ya samaki kutagharimu kiasi gani hapa, na maji ya ziwa hupanda na kushuka vipi kwa miaka mingi? Wazee wa ziwa lile wangeweza kulijibu hilo la pili.

Msikilizaji, turudi nyumbani, kwenye jambo linalotuuma sote: bonasi. Mnajua mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa sehemu mbili. Kila mwezi hulipwa kiasi kwa kila kilo ya majani mabichi, kisha hupata bonasi baada ya kufungwa hesabu za mwaka unaoishia Juni. Mwaka 2025 bonasi zilipotangazwa, wakulima wengi wa Kericho na Bomet walikasirika, na wengine wakaandamana. Swali lililosikika kila mahali lilikuwa: mbona wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, kama Murang'a na Kirinyaga, wamepata zaidi? Jingine lilikuwa: mbona mwaka jana tulipata zaidi?

Maswali yote mawili ni ya haki. Lakini ni maswali mawili tofauti, na tukiyachanganya hakuna atakayetujibu sawasawa. Hapa ndipo uchambuzi wa biashara unapoonyesha faida yake hata kwa mkulima wa ekari moja.

Tuanze na hili la mwaka kwa mwaka. Chai yetu inauzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola ya Marekani. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Kuanzia katikati ya mwaka huo ikawa kwenye shilingi 129 hivi. Chukulia kilo moja ya chai iliyosindikwa imeuzwa dola 2. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 320. Kwa kiwango cha pili ni shilingi 258. Shilingi 62 zimeondoka, na mnunuzi hajapunguza hata senti moja ya bei yake. Kwa kuwa zinahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyosindikwa, upungufu huo ni kama shilingi 14 kwa kila kilo uliyobeba mgongoni. Hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini mwaka 2025 haukuwa kama mwaka uliotangulia.

Lakini je, hesabu hiyo inaeleza kwa nini Kericho ilipata kidogo kuliko Murang'a? Hapana, kwa sababu wao pia wanauza kwa dola ileile, katika mnada uleule. Atakayesimama jukwaani akatupa habari ya dola kuwa jibu la swali la Murang'a, hajatujibu. Swali la Murang'a linataka majibu mengine. Chai yetu iliuzwa dola ngapi kwa kilo, gredi kwa gredi, BP1 na PF1, na yao je? Kilo moja ya chai iliyosindikwa imetugharimu majani mabichi kilo ngapi, na wao ngapi? Kiwanda chetu kimetumia kiasi gani kwa kuni, umeme na riba ya mikopo kwa kila kilo? Majani yetu yanafika kiwandani yakiwa na ubora gani? Na kabla ya yote hayo: malipo ya mwaka mzima kwa kilo, yaani ya kila mwezi pamoja na bonasi, yalikuwa kiasi gani huku na kule? Kiwanda kinaweza kupandisha malipo ya mwezi na bonasi ikapungua, au kufanya kinyume chake. Anayelinganisha bonasi peke yake analinganisha nusu ya habari.

Swali lililovunjwavunjwa hivi ni gumu kulikwepa. Ukiuliza kwa jumla, utajibiwa kwa jumla: soko ni baya, hali ya dunia ni ngumu, tuwe na subira. Ukiuliza gharama ya kuni kwa kilo moja ya chai mwaka huu na mwaka jana, anayejibu lazima alete tarakimu, na tarakimu inaweza kukaguliwa.

Uamuzi mwingine unaotufundisha ni bei ya chini ya mnada. Mwezi Julai 2021 iliwekwa kanuni kwamba chai ya viwanda vya wakulima wadogo isiuzwe Mombasa chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, kumlinda mkulima asiuze kwa hasara, na swali lililoongoza uamuzi lilikuwa: mkulima anahitaji bei gani? Swali hilo lilikuwa la lazima, ila halikutosha peke yake. Wanunuzi wakubwa wa chai yetu, kama Pakistani na Misri, wana hesabu zao. Chai nyingi iliyoshindwa kufikia bei ile ilibaki kwenye maghala ya Mombasa, na chai ya magharibi ya Bonde la Ufa, ambayo kwa kawaida hupata bei ndogo mnadani, iliumia zaidi. Mwaka 2024 kanuni ikaondolewa. Sisemi kanuni hiyo ndiyo chanzo cha kila shida yetu. Ninasema uamuzi wowote wa biashara una swali la pili lisilopaswa kuachwa: upande wa pili ukikataa, nini kitafuata, na gharama yake itamwangukia nani?

Vilevile ulizeni nani hayupo mezani. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huku Kericho. Kuchoma mali ni kosa, na watu waliumia katika vurugu zile. Lakini hasira ile ilikuwa na historia. Makampuni yenye mashine hizo yalikuwa yakiuliza ni gharama gani kuchuma kilo moja, na vijana walikuwa wakiuliza watakula nini. Maswali hayo yalipaswa kukutana katika kikao kimoja, mapema, kabla ya mashine kushushwa shambani. Hesabu ya gharama isiyomtaja mtu atakayepoteza kazi ni hesabu pungufu, hata kama jumla yake ni sahihi.

Nina neno kwa makundi matatu kabla muda wetu haujaisha.

Kwenu vijana mnaosomea kazi hii. Chati na programu mtafundishwa, nanyi mtazijua. Jifunzeni pia kukaa kituoni mchana mzima bila haraka, mkitazama. Msione haya kuuliza jambo ambalo kila mtu anadhani linajulikana, maana humo ndimo makosa makubwa hujificha. Ulizeni kwa Kipsigis panapofaa Kipsigis, na kwa Kiswahili panapofaa Kiswahili, kwa sababu mama hatawaeleza shida ya mizani kwa lugha ya chuo kikuu. Mkishajibiwa, rudieni kwa maneno yenu: "Mama, nimekuelewa hivi, ni sawa?" Atakaporekebisha neno moja, huenda ameokoa mradi wote.

Kwenu viongozi wa viwanda, sacco na kaunti. Mchambuzi anayewauliza maswali mengi mwanzoni anawapunguzia gharama mwishoni. Msimwone mkaidi. Mwacheni aonane na watu wa chini bila nyinyi kuwapo, kwa sababu karani hatasema ukweli wote mbele ya mkubwa wake. Na katika mkataba wa kila mfumo mnaonunua, andikeni jibu la swali hili: baada ya mwaka mmoja, tutajuaje kwamba umetufaa?

Na kwako, mkulima wangu. Kiwanda cha wakulima unakopeleka majani ni chako. Una hisa ndani yake. Kuuliza si ujinga, wala si uchochezi. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kaeni na majirani mchague swali moja, mliandike, liwe na mwaka na kipimo ndani yake: shilingi ngapi kwa kilo, kilo ngapi kwa kilo, dola ngapi kwa gredi. Mmoja alisome, wengine walisimamie. Likijibiwa kwa hotuba, liulizeni tena kwa heshima, mpaka tarakimu itajwe na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.